Bi Pili Hakuua Ng'ombe

Siku ya kwanza kazini sikupewa meza wala kiti. Mkuu wa Kitengo cha Taka za Biashara, mtu mrefu mwenye mazoea ya kuvua miwani kila anapotaka kusema jambo zito, alinitazama kuanzia mtandio mpaka viatu vya kisigino nilivyoazima kwa dada yangu, kisha akavua miwani. "Karibu, Bi Saada," akasema. "Sasa rudi kwenu ukavae malapa, halafu umfuate Mzee Makame."

Nilikasirika. Nawaambieni mapema kuwa mimi ni mtu wa hasira. Nimezaliwa nazo na sikuziacha ofisini siku niliyostaafu. Nilikuwa nimemaliza masomo yangu, cheti kimo kwenye bahasha, mama amenifukiza udi na kuniombea dua, halafu naambiwa nikamfuate mvuta mkokoteni wa taka. Njia nzima kurudi kwetu Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, nilikuwa nasema peke yangu. Lakini malapa nikayavaa.

Kumbukumbu hizi naziandika kwa ajili ya vijana wanaoingia kazi hii sasa, na nitajitahidi kwenda kwa utaratibu. Ila msinitake niandike kwa upole. Yuko mwanamke mmoja mjini hapa, mpishi, jina lake Bi Pili, ambaye mpaka leo hapati jiko la hoteli la kupikia kwa sababu watu wanasema aliua ng'ombe. Hakuua. Mimi nilikuwepo, na kabla sijatiwa mchanga nataka jambo hilo liandikwe.

Mzee Makame alikuwa Mtumbatu, mfupi, mkavu, asiyependa maneno mengi asubuhi. Mkokoteni wake ulichongwa mwembamba makusudi upite kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, ambako lori haliingii hata ulisukume. Kila mkokoteni ulikuwa na mkondo wake, yaani njia yake ya kila siku, mlango kwa mlango, mpaka kwenye kontena kubwa lililokaa barabarani. Hapo ndipo lori lilipokuja kupakia na kupeleka jaani, nje ya mji. Yale maji yanayochuruzika kutoka kwenye taka wavutaji waliyaita mchuzi. Siku ile mchuzi ulinirukia gauni jipya. Mzee Makame hakunicheka, alinipa kitambaa chake. "Ukiona mchuzi njiani," akasema, "jua iko jiko wamechanganya. Taka kavu haina mchuzi."

Niliporudi ofisini nanuka, Mkuu alivua tena miwani.

"Sasa unajua kwa nini nimekupeleka?"

"Sijui, Mkuu."

"Kwa sababu mji huu hauna uani. Nyuma ya nyumba yako ni mbele ya nyumba ya mwenzio. Mwenye biashara halijui hilo mpaka aoneshwe, na wewe usingeweza kumwonesha ukiwa umekaa hapa."

Kazi yetu ilikuwa hivi. Mtu akitaka kufungua biashara mpya, iwe mkahawa, nyumba ya wageni, bucha au saluni, huja kwetu kabla mlango wake haujafunguliwa. Tunakwenda kwake pamoja na sheha, kiongozi wa mtaa wa pale, tunaangalia. Tunauliza taka zake zitakuwa za namna gani: kavu, kama maboksi na chupa, au mbichi, kama maganda na matumbo ya samaki. Pipa litakaa wapi bila ya kumzibia jirani baraza yake? Mkondo gani utampitia? Mkokoteni ukifika, nani atafungua mlango, na saa ngapi? Hili la mwisho tuliliita saa ya mlango, na limenigombanisha na watu kuliko yote, maana kila tajiri anataka taka zake zichukuliwe lakini hakuna anayetaka kuamka.

Watu wanaidharau kazi hii. Mtu anakuja na michoro ya hoteli yake, rangi ya ukuta ameshaichagua, beseni la kuogea ameliagiza ng'ambo ya bahari, mashuka yanakuja kwa ndege, na kibao cha shaba kiko kwa fundi. Unamuuliza, "Na taka?" Anakutazama kama umemtukania mama. "Kwani hapapiti mtu?" Ndivyo wanavyosema wote. Hapapiti mtu! Wanadhani kuna mtu ameumbwa na Mungu kwa ajili ya kupita nyuma yao na kuokota. Nimesikia maneno hayo miaka yote ya kazi yangu, na kila niliposikia damu ilinipanda upya.

Sasa nieleze jambo la makombo, maana ndilo lenye kisa.

Sisi tumelelewa kuwa chakula ni neema. Kipande cha boflo kikianguka njiani, mtoto huambiwa akiokote na kukiweka juu ya ukuta, kisikanyagwe. Wali uliobaki hautupwi pamoja na uchafu wa kufagia. Wazee wetu nyumbani walikuwa na chombo cha taka na chombo cha makombo, na mwenye mbuzi au kuku alikuja kuchukua. Mkuu wangu wa kwanza hakubuni kitu kipya. Alichukua ada hiyo na kuifanya sharti: kila jiko la biashara liwe na ndoo mbili, moja ya taka, na moja ya makombo yenye kifuniko. Wafugaji wa Ng'ambo waliandikishwa kwetu, kila mmoja na majiko yake. Ng'ombe wakala, mkokoteni ukawa mwepesi, mchuzi ukapungua njiani. Lilikuwa jambo jema, na ninaona fahari kuwa nililifanyia kazi.

Mmoja wa wafugaji hao alikuwa Bi Mize. Mjane, mwembamba, mwepesi wa kucheka. Alikuwa na zizi nyuma ya nyumba yake Ng'ambo, na alikuja mjini mwenyewe kila asubuhi akisukuma kigari cha magurudumu mawili. Alikuwa na ng'ombe wawili. Mkubwa aliitwa Tunu, na kwa maziwa ya Tunu Bi Mize alisomesha wajukuu na kuezeka nyumba. Ukimpita njiani ukamuuliza hali, alikujibu kwanza hali ya Tunu, kisha yake.

Baada ya miaka kadhaa Mkuu wa kwanza alistaafu, na mimi nikahamishiwa Fumba, kwenye nyumba mpya. Huko lori linaingia mpaka mlangoni, njia pana, mapipa yana rangi. Kazi ilikuwa rahisi mno, nikaona naoza. Wavuvi wa vijiji vya pembeni walinijia kulalamika kuwa nyumba mpya zinatupa nailoni ufukweni, nami nikaripoti, nikajibiwa kuwa suala linashughulikiwa. Niliomba kurudi Mji Mkongwe, nikarudishwa chini ya Mkuu mpya. Huyu hakuwa na miwani ya kuvua. Alikuwa na simu, na kila jambo zito alilisema huku anaitazama.

Hoteli ya kisa hiki sitaitaja, mwenyewe anajijua. Ilikuwa nyumba kuu ya zamani katikati ya vichochoro, imekarabatiwa vizuri, siwezi kusema uongo. Meneja wake hakuwa mgeni. Ni mtoto wa mjini, bibi yake ndiye aliyenifundisha kusoma Kurani, na aliniita Mama tangu siku ya kwanza. Nasema haya kwa sababu kuna watu mjini wakisikia hoteli hudhani mbaya lazima atoke mbali.

Nilimpangia huduma yake mimi mwenyewe, kwa mikono yangu. Ndoo mbili chini ya ngazi, karibu na mlango wa jikoni unaotokea kichochoroni. Saa ya mlango, baada ya sala ya alfajiri. Taka zitakwenda na mkondo wa Mzee Makame, ambaye sasa alikuwa mtu mzima sana lakini hataki kupumzika. Makombo atachukua Bi Mize. Nilimkusanya kila mtu pale jikoni, nikawaonesha ndoo, na mpishi mkuu akarudia maneno yangu ili nijue ameelewa.

Mpishi huyo ndiye Bi Pili. Asili yake Mnyamwezi, lakini babu yake ndiye aliyekuja, yeye na mama yake wamezaliwa Ng'ambo. Mwanamke mnene, mpole, mwenye mikono ya haraka. Alikuwa anaweza kufunga sambusa huku anazungumza na wewe asizitazame. Pilau yake iliwahi kunifanya nisahau nilichokuja kukagua.

Mambo yalikwenda vizuri. Kisha mgeni mmoja alipiga picha ya mlango wa nakshi wa jirani, ndoo ya makombo ikaonekana pembeni, na Bi Mize amekiinamia kigari chake. Picha ikaenda mitandaoni. Hakuna aliyesema baya, wallahi. Lakini Meneja aliona aibu. Aliona aibu ya ndoo! Mtu anayepokea wageni kutoka dunia nzima aliona aibu kuwa chakula chake kinaliwa na ng'ombe.

Akaiondoa ile ndoo. Hakuniambia mimi, hakumwambia sheha, hakumwambia Bi Mize. Aliwaambia watu wa jikoni kuwa tangu leo kila kitu kinaingia kwenye mfuko mmoja mweusi, pamoja na taka za vyooni, mfuko unafungwa, na hapana mtu kuja na vigari mlangoni.

Bi Pili aliyasikia hayo, akasema naam, maana ndiyo kazi yake. Lakini mkono wake ulikataa. Aliniambia baadaye, "Bi Saada, nliushika ule mkate juu ya mfuko, nkaona karatasi za chooni mle ndani. Mkono haukushuka. Neema ile, ntaitia vipi?" Basi akachukua nailoni za jikoni, zile nyembamba za kufunikia sahani. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku visiwani zamani, lakini nailoni hizi haziitwi mifuko, kwa hiyo zimejaa kila hoteli. Akaufunga mkate, akaufunga wali, kila kimoja peke yake, fundo juu ya fundo, kusudi uchafu usiguse chakula. Vifurushi akaviweka kwenye kibaraza kidogo mlangoni kabla Meneja hajaamka. Bi Mize akipita alivikuta, akavipakia, akamwombea dua.

Hilo ni kosa, sikatai. Lakini ni kosa la mtu aliyelelewa. Asiyejali angetupa tu, na ng'ombe wa Bi Mize angekuwa hai mpaka leo.

Mwanzoni Bi Mize alikuwa anakaa chini na kufungua kila kifurushi kwa kucha. Kisha msimu wa wageni ukapamba moto, vifurushi vikawa vingi. Alivirundika kando ya zizi avifungue baada ya sala ya adhuhuri. Tunu alikuwa na mimba na njaa ya mimba. Alipitisha shingo juu ya ubao akala mkate pamoja na nguo yake ya nailoni. Hakuna aliyemwona, na kwa kuwa hakuanguka siku ile, wala ya pili, aliendelea.

Bi Mize alinipigia simu asubuhi. Sikumtambua sauti. "Njoo, mwenzangu. Tunu kavimba, hacheui."

Nilimkuta daktari wa mifugo ameshafika. Alimpapasa Tunu ubavuni, akatikisa kichwa, akasema achinjwe kabla hajawa kibudu. Bi Mize alimshika Tunu kichwa mwenyewe. Hakulia wakati ule. Alimwambia maneno sikioni, nami niligeuka nikatazama ukuta. Alipopasuliwa walimtoa ndama kwanza, amekwisha kufa. Halafu likatolewa tumboni bonge la nailoni, zito, limeshikana, na mafundo ya Bi Pili yamo ndani yake yamekaza vilevile kama alivyoyafunga.

Niliomba ndoo. Nikalitia bonge lile ndani, nikavaa buibui langu, nikaenda nalo mjini kwa miguu. Watu walinipisha njia kwa harufu. Niliingia hotelini kwa mlango wa mbele, ule wa wageni, nikaiweka ndoo juu ya meza ya mapokezi, juu ya marumaru yao.

Meneja alitoka mbio. "Mama, Mama! Kuna wageni hapa!"

"Nawaona. Nao wauone mkate wao."

"Hii nini?"

"Ng'ombe wa Bi Mize."

Alishusha sauti. "Mama, hebu tuzungumze ofisini. Nailoni zote zinafanana. Nani kasema imetoka kwangu?"

Bi Pili alikuwa amesikia vurugu, ametoka jikoni na unga mikononi. Alichungulia ndoo. Akaona mafundo. Nilimwona uso wake unavyobadilika, na wallahi nilitamani nisingeileta ndoo ile. Angeweza kunyamaza, hakuna mtu ambaye angejua. "Mimi," akasema. "Mimi ndo nlofunga. Kwa mkono wangu. Kafa?"

"Kafa," nikasema. "Na ndama wake."

Akakaa chini pale pale, mbele ya wageni, akalia kama aliyefiwa. Na Meneja, mtoto wa mjini, mjukuu wa mwalimu wangu, nilimwona akivuta pumzi kwa faraja. "Basi," akasema. "Mwenye kosa kajitokeza mwenyewe."

"Na ndoo ya makombo iko wapi?" nikamuuliza. "Nani kaiondoa?"

"Mama, hayo mengine. Mimi sikumwambia mtu afunge mikate."

Kesho yake alimfukuza Bi Pili. Hakumpa hata nafasi ya kukusanya visu vyake. Vililetwa kwake baadaye na mfagizi.

Nilikwenda kwa Mkuu mpya. Nilimweleza yote tangu mwanzo. Alisikiliza huku anatelezesha kidole kwenye simu.

"Bi Saada, si mpishi ameshaondolewa?"

"Ndiyo."

"Basi suala limekwisha."

"Halijaanza! Aliyevunja mpango ni Meneja. Sharti letu ni ndoo mbili. Yeye kaondoa moja, na hakutwambia."

Hapo ndipo alipoinua uso. "Kuondoa ndoo si jinai, Bi Saada."

Sijapata kulisahau neno hilo. Kuondoa ndoo si jinai. Mwanamke mmoja amepoteza ng'ombe, mwingine amepoteza kazi na jina, na mwenye kulianzisha yote anakunywa kahawa juu ya paa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, walisema wahenga. Pale ofisini walimnyonga mnyonge, na haki yake wakampa Meneja.

Kitengo chetu kilikuwa na fimbo moja tu, nayo ni kusimamisha mkondo. Maana yake mkokoteni unaupita mlango wa biashara bila ya kusimama, mpaka mwenyewe atengeneze. Ofisa aliweza kuamuru hivyo bila ya kumuuliza mtu, na kwa kawaida tuliwatishia tu wenye kuzibia njia. Mimi sikutishia. Nilimfuata Mzee Makame alfajiri, nikamwambia, "Hoteli ile, pita."

Hakuuliza sababu, Ng'ambo nzima ilishajua. Akapita. Kesho yake akapita tena. Mifuko myeusi ikajaa chini ya ngazi, ikapanda, ikaanza kutoa mchuzi mpaka kwenye marumaru. Kunguru wakaja. Wageni wakaanza kuhama, na simu ya Mkuu ikalia mpaka akaiogopa.

Aliniita akanikaripia mbele ya wahudumu, akaamuru mkondo urudi. Nikasema hautarudi mpaka ndoo irudi. Mwisho Meneja akairudisha. Aliitengenezea hata kabati la mbao la nakshi, isionekane, na kabati lile mpaka leo wageni wanalipiga picha.

Alinipigia simu. "Haya, Mama. Ndoo isharudi. Unataka nini tena?"

"Nataka mwenye ndoo."

"Nani?"

"Bi Pili. Mrudishe jikoni kwake, na useme mbele ya watu kuwa kosa lilikuwa lako."

Alicheka kidogo, cheko la mtu anayezungumza na mzee. "Mama, nani atakula chakula cha mtu alouwa ng'ombe?"

Hapo nikajua kuwa maneno ameshayatia njiani. Kweli, Bi Pili alibisha hodi hoteli moja baada ya nyingine, na kila alikokwenda habari ilikuwa imetangulia. Ndiye yule wa ng'ombe. Wengine wakaongeza kuwa watu wa bara hawajui thamani ya neema, yeye aliyezaliwa Ng'ambo, yeye aliyeadhibiwa kwa kuithamini kupita kiasi! Midomo haina zakati, kusema ni bure.

Mtu mmoja tu hakuyarudia maneno hayo. Ng'ombe wa pili wa Bi Mize alipozaa, Bi Mize alichukua maziwa yake ya mwanzo, akayatia kwenye bakuli la kaure, akapita nayo mchana kweupe, bakuli halina hata kawa la kufunikia, mpaka nyumbani kwa Bi Pili. Kila aliyekuwa kwenye baraza aliona maziwa yale yanakokwenda. Mimi nilikuwepo kwa Bi Pili siku hiyo. Bi Mize aliliweka bakuli mbele ya mwenziwe. Kisha Bi Pili akasema, "Mwenzangu, nshajifunza. Neema yataka chombo, haitaki nguo. Iachwe wazi." Bi Mize akamwambia, "Kunywa, yatapoa."

Nilistaafu muda mfupi baadaye. Walinifanyia sherehe, Mkuu akasoma hotuba aliyoandikiwa, wakanipa saa ya ukutani. Kisha ikaletwa keki kubwa, zawadi kutoka kwa Meneja. Niliambiwa niikate. Nikasema mimi sukari sili, na wote wanajua nakula. Kama kuna kijana aliyekuwapo siku ile na akanielewa vibaya, sasa ajue.

Watu huniuliza ustaafu unakwendaje. Nawaambia miguu inauma na hasira haijapungua. Vijana wanaonirithi ni wazuri, wana simu zenye ramani ya kila mkondo, na nawasikia wakisema juu ya kutenganisha taka kana kwamba ni elimu iliyokuja na mfadhili. Nawaombeni kitu kimoja. Mkienda kumpangia mtu huduma, msimuulize tu pipa litakaa wapi. Muulizeni kila kinachotoka mlangoni kwake kinafikia mdomo wa nani, kisha nendeni mkamtazame huyo mwenye mdomo kabla hamjaondoka.

Mzee Makame ametangulia mbele ya haki. Bi Mize anaye ng'ombe mmoja na mtamba wake. Bi Pili anauza maandazi kwenye dirisha la nyumba yake, na wanaoyanunua ni majirani.

Mwezi uliopita nilikwenda Bwejuu, pwani ya mashariki, kwenye maziko ya mtu wa ukoo wetu. Baada ya dua, wanawake walipokuwa wanaosha vyombo, nilitoka kunyoosha miguu, nikapita nyuma ya hoteli mpya. Sikuhitaji kuuliza ya nani, mbele nilikuwa nimeliona kabati la nakshi kama lile la mjini, limewekwa maua. Nyuma, juu ya tofali karibu na mlango wa jikoni, vilipangwa vifurushi vya nailoni vimefungwa vizuri, fundo juu ya fundo. Hatua chache kando, chini ya mnazi, amefungwa ng'ombe wa mtu.

Nilisimama pale nikahisi moto unapanda kutoka nyayoni. Msichana wa jikoni akatoka na kifurushi kingine.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani anafunga hivi?"

"Mimi. Si neema, bibi? Ntaitia vipi na taka za vyooni?"

"Na ndoo ya makombo?"

"Hatuna. Meneja kasema yatia aibu."

Niliketi juu ya kreti la soda, nikamshika mkono, nikamketisha. Nikamwonesha yule ng'ombe. Nikamwambia neema yataka chombo, haitaki nguo, iachwe wazi. Nikamwambia kwa nini. Akasikiliza mpaka mwisho, macho yamemtoka.

"Nani kakufundisha hayo, bibi?"

"Bi Pili, mpishi wa mjini."

Akauvuta mkono wake. "Yule alouwa ng'ombe?"

Mpaka Bwejuu! Bahari hailisafirishi neno kama hoteli zinavyolisafirisha. "Bi Pili hakuua ng'ombe," nikamwambia. "Sema."

"Bi Pili hakuua ng'ombe," akasema kwa woga. Kisha akauliza, "Basi nani kamuua?"

Mlango ukafunguliwa. Meneja mwenyewe, amenenepa, mikono ameitanua. "Mama! Karibu Bwejuu! Mbona hukupita mbele?"

Nilichukua kifurushi kimoja juu ya tofali, nikamtia mkononi, nikamwambia, "Fungua."

Alidhani namtania. Akatabasamu, akalishika fundo, akalivuta huku, akalivuta kule. Halikufunguka. Msichana alikuwa anamtazama, na yeye alijua kuwa anatazamwa. Akageuka jikoni. "Nileteeni kisu," akasema.

"Kwa meno," nikamwambia. "Ng'ombe hana kisu."